Kijiti Nilichokituma Mitwaba

Banza aliniletea lile kopo la biskuti siku ya tatu baada ya kumzika mama yake. Watu wa kilio walikuwa bado wamejaa kwenye parsele yangu, kiwanja changu cha Kampemba hapa Lubumbashi, wanaume wamekaa chini ya turubai, wanawake wanapika sombe, majani ya mihogo, kwenye sufuria kubwa ambayo hata mimi mwenye nyumba sikujua imetoka wapi. Nilikuwa kwenye mkeka, nikimenya karanga, kwa sababu siwezi kukaa mikono mitupu, hata kwenye kilio. Banza ni mtoto wa mdogo wangu Kabulo, na ni muganga wa sindano na dawa, infirmière kama wanavyosema. Tangu asubuhi simu yake ilikuwa inalia. Wagonjwa wake wa sukari hawamwachi hata akiwa amefiwa. Alikuwa anasimama karibu na robine, bomba la maji, anatazama kioo cha simu, anasema: "Teremusha simu, papa, nione tumbo. Kalamu ya dawa ni ile ya bluu ao ya njano? Zungusha mpaka kumi na mbili. Sasa choma. Usitoshe sindano mbio! Hesabu mpaka kumi." Alipomaliza akaja kukaa karibu yangu, akaniambia kwa kujivuna kidogo, na sikumlaumu, maana kazi yake anaijua: "Mama mukubwa, hii ni mambo ya sasa. Mugonjwa eko Likasi, miye niko hapa, na namufundisha." Niliendelea kumenya karanga. Ndipo akatoa lile kopo kwenye kikapu, akaliweka magotini pangu. "Mama alisema ni yako. Alisema usifungue mbele ya bantu."

Sikulifungua. Nililitia chini ya kitanda, nikarudi kwenye karanga zangu, lakini tangu saa ile mwili wangu haukutulia. Nilisimama, nikakaa, nikaenda kuonja sombe, nikawagombeza wale wanawake kwamba chumvi ni nyingi, na chumvi haikuwa nyingi. Wajukuu wangu, ambao wananiita Nkambo na kuniogopa, walijificha. Mtu akilitikisa kopo lile angeweza kusikia kitu cha kioo kikigonga bati, na mimi kioo kile nilikuwa nimeshakijua kwa mlio. Ninaandika haya kwa mkono, polepole. Shule nilifika darasa la tatu tu, yaliyobaki nilijifunza kwenye katekisimu na kwenye vikaratasi vya dawa. Kabulo amekufa akiwa bibi kizee, moyo umechoka, usingizini. Sukari haikumuua. Nasema mapema ili asiyemjua asihangaike bure. Mimi nilihangaika mwaka mzima kwa ajili yake, inatosha.

Ulikuwa mwaka ambao majina yetu ya ubatizo yalikatazwa. Niliamka Veronika, nikalala Numbi. Kwenye ofisi zote tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, Jumamosi asubuhi tulitoka na majembe kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, na kwenye chumba cha wagonjwa wanawake picha ya Rais ilitundikwa pale palipokuwa na msalaba. Rangi ya ukuta ilibaki na alama nyeupe ya mikono ya msalaba ikitokeza pembeni ya picha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kabulo kumi na tano. Alishushwa kutoka Mitwaba, kijijini kwetu kaskazini, juu ya lori la mahindi, amebaki mifupa, anakunywa maji ndoo nzima na kukojoa ndoo nzima. Chumba kilikuwa na vitanda kumi na viwili na dirisha moja kubwa, na kwenye dirisha lile tuliona bomba refu la moshi la kampuni ya shaba. Upepo ukigeuka, moshi uliingia na kukwaruza koo, wagonjwa wote wakaanza kukohoa pamoja kama wanaitikia misa. Mimi nilikuwa garde-malade wake: nililala sakafuni chini ya kitanda chake, nikampikia nyuma ya hospitali, kule kwenye mbabula, majiko ya makaa, zilizopangwa mstari, ambako wanawake walijua habari za kila kitanda kabla ya daktari.

"Eko na ugonjwa gani, ule mutoto wa Mitwaba?"

"Sukari."

"Sukari! Sukari ni ugonjwa ya ba patron, bale ba manyumba makubwa kule Karavia. Mutoto wa mashamba aliitosha wapi? Sisi tunakunywa chai ya kavu."

"Pengine alikunywa ya kwako, njo maana yako imepotea."

Walicheka mpaka bukari, ugali wetu, likaungua. Mimi sikucheka. Nilikuwa msichana asiyecheka, na nilijiona bora kwa sababu hiyo.

Aliyetufundisha ni Mama Kisimba, mkubwa wa waganga wa chumba kile, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyovimba, ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Alileta seringi, bomba la sindano la kioo, jembamba kama kidole cha mtoto, na sindano mbili za chuma, akaniambia nilete bukari baridi la jana. Bukari likilala linashika ngozi juu, na chini linakuwa laini. Alisema hakuna kitu kinachofanana zaidi na paja la mtu. Nilidunga bukari siku nne. Kabulo alipaswa kudunga pia, lakini kila alipoona sindano alijigeuza ukutani, akavuta kitenge mpaka juu ya kichwa. Nilimvuta, nikamfinya, nikamwita mjinga mbele ya vitanda kumi na kimoja. Mwisho nikamdunga mimi, yeye akiwa amefunikwa kama maiti. Mama Kisimba alituangalia. "Numbi, unajua kuchoma sasa," aliniambia. "Lakini mugonjwa si weye."

Tulijifunza pia kupima mkojo. Matone manane ndani ya kichupa cha maji ya bluu, unachemsha juu ya moto wa alkoli, unangoja rangi. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Kijani, kidogo; njano, zaidi. Ikifika nyekundu ya tofali, mgonjwa yuko hatarini. Mama Kisimba alituambia kwamba maji yale ya bluu yametengenezwa kwa shaba, na wekundu ule ni shaba yenyewe inarudi. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Mji mzima ulikuwa unachimba shaba, unapika shaba, unakohoa shaba, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikiichungulia kwenye mkojo wa mdogo wangu.

Baada ya miezi miwili daktari alisema aende nyumbani. Kabulo alifurahi, mimi hospitali ilikuwa imeshanipa kazi kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, na sikutaka kurudi Mitwaba. Nalisema hili wazi. Ningeweza kurudi. Sikutaka. Mama Ngoie, dada mkubwa wa mama yetu, alishuka kumchukua, na ndiye angekuwa anamdunga kila asubuhi. Mama Ngoie alijua kulima, kuzalisha na kupika munkoyo, togwa tamu ya mahindi, unaosifiwa mpaka ng'ambo ya mto, lakini namba hakuzijua. Ndipo nilipopata akili yangu. Nilichomoa ufito wa mwanzi kwenye kikapu cha kuku, nikachonga kijiti chembamba, nikakikata kwa kisu pande zote mbili. Unasimamisha kijiti pembeni ya seringi, kuanzia kwenye mdomo pale sindano inapokaa, unavuta dawa mpaka kisukumio kilingane na mwisho wa kijiti, basi. Kusoma hakuna, kuhesabu hakuna. Dozi yenyewe ilikuwa ndefu kama kipande cha juu cha kidole gumba changu. Mama Kisimba alikigeuza kijiti mkononi, akasema, "Ni muzuri. Lakini umwambie kijiti hii ni ya seringi hii." Nikaitika ndiyo. Sikumwambia. Niliona ni jambo ambalo kila mtu mwenye kichwa analijua.

Nilimfundisha Mama Ngoie wiki moja, kama askari anavyofundisha. Kwa desturi yetu alikuwa mama yangu, na mimi nilikuwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimpokea siku ya kuzaliwa, lakini alipokosea nilipiga meza kwa kiganja. "Tena! Umesahau alkoli! Tena!" Alirudia bila kusema neno. Siku moja tu, akifunga kijiti ndani ya kitambaa chake, alisema taratibu, "Numbi, hata mbuzi tunaifundisha njia kwa majani." Wakapanda lori na seringi moja, sindano mbili, chupa za dawa zilizofungwa kwa kitambaa cha maji, za kuwekwa ndani ya mtungi uliozikwa kwenye mchanga mbichi, kichupa cha maji ya bluu, na kijiti changu.

Tangu siku hiyo maisha yangu yalikaa kwenye Jumatano na Jumamosi. Mapadri walikuwa na phonie, redio ya kusemea iliyounganisha misioni zao za kaskazini, na Mama Kisimba aliniombea dakika kumi kila siku hizo, baada ya Furere, bruda wa mapadri, kumaliza habari za unga na misumari. Furere alikuwa mzungu mzee, mwembamba, mwenye kuchovya mkate kwenye kahawa tangu saa mbili mpaka saa nne. Chumba chake kilinuka kahawa na waya zilizopata moto. Nilifika mapema kila mara, nikashindwa kukaa, nikafagia chumba ambacho kilikuwa safi, nikapanga viti, mpaka aliniambia, "Citoyenne, unanitia kizunguzungu." Masharti yake yalikuwa machache. Usiseme siasa. Usiseme Kiluba, sema Kiswahili ao Kifaransa, maana wenye masikio ya serikali wakisikia lugha wasiyoijua wataleta maneno. Ukimaliza kusema, sema "à vous," ni zamu yenu, halafu achia kidude. Na hapo ndipo nilipokosea kila mara: ukiwa umeshika kidude cha kusemea, huwezi kusikia kitu. Mimi nilikishika mpaka kidole kikawa cheupe. Furere aliufikia mkono wangu akaufungua kama mtu anamnyang'anya mtoto kisu. "Achia! Utajua namna gani kama wamesikia?"

Mitwaba, Katekista wa misioni ndiye aliyeshika chombo, na Mama Ngoie alisimama karibu yake. Na wote waliokuwa na phonie walitusikia. Nilijifunza kufundisha rangi kwa mbali, maana kijani ya mtu mmoja si kijani ya mwingine. Kama jani la sombe? Kama ndizi mbivu? Kama tofali? Wiki za kwanza tulikuwa na sombe na ndizi. Kisha, mvua zilipoanza, ikawa bluu. Jumatano bluu, Jumamosi bluu. Nilirudi Kampemba siku hizo nikitembea kama nimeota mabawa. Nilijisifu kwa Mama Kisimba. Aliniangalia. "Bluu kila siku?" akauliza. "Kila siku," nikasema, na nikaenda kuchemsha vyombo kabla hajauliza lingine.

Jumamosi moja baada ya salongo, magoti yangu yakiwa bado na tope, Katekista alisema kwamba dawa inakaribia kwisha. Nilihesabu kichwani. Chupa zile zilipaswa kufika mwezi mwingine. Nikashika kidude.

"Imekwisha namna gani? Munamwaga! Mama Ngoie, unaimwaga, mikono yako inatetemeka kama ya mulevi. Nilikufundisha wiki nzima! Dawa ile haioti shambani. À vous."

Mvumo wa waya. Sauti ya kizee, ya kituo cha mtoni nisichokijua, ikasema, "Ayo! Ule mama wa Lubumbashi eko na pilipili." Wakacheka vituo viwili au vitatu. Kisha Katekista, kwa sauti ya chini: "Mama Ngoie anasema amesikia. Anasema tena mutoto anatoka jasho asubuhi, anatetemeka, anacheka bila sababu. À vous."

"Ni malaria," nikasema. "Mvua imeanza. Mumupe dawa ya malaria. Terminé."

Nilisema terminé, neno la kufunga mazungumzo. Furere aliacha kijiko chake ndani ya kikombe, akanitazama, lakini kazi yake ilikuwa redio, si watu, akageuka.

Jumatano iliyofuata niliingia nikakuta Furere amesimama. Alisema Mitwaba wameita tangu alfajiri. Kabulo alianguka shambani siku moja kabla, macho wazi, meno yamefungwa. Walimpaka asali kwenye fizi, wakamnywesha munkoyo kwa kijiko, akaamka; saa mbili baadaye akaanguka tena; wakamnywesha tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Sasa alikuwa amekaa, lakini Mama Ngoie hakuthubutu kumdunga tena, na bila dawa tulijua sote anakokwenda. Nilitoka mbio mpaka hospitali, mita nyingi sana kwa miguu yangu ya sasa, nikamwambia Mama Kisimba kwamba napanda lori leo.

"Lori gani? Barabara imekatika, magari yako kwenye tope tangu wiki mbili. Utafika kuzika." Alikaa kwenye kiti chake, akaondoa viatu, akafikiri. "Mwili unaoanguka namna ile umepata dawa nyingi, si kidogo. Bluu kila siku. Dawa imekwisha mbio." Akaniangalia. "Numbi, seringi ni ile ile?"

Swali hilo nililibeba mpaka kwa Furere kama makaa mkononi. Nikaliuliza. Nikaachia kidude. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuachia bila kushikwa mkono.

Ikaja sauti ya Mama Ngoie mwenyewe, karibu sana na chombo, na ilikuwa Kiluba, moja kwa moja. Furere hakumkataza. Alisema ile seringi nyembamba ilipasuka zamani, alipoitia ya baridi ndani ya maji yanayochemka. Masista wa misioni ya pale walimpa nyingine, nene zaidi. Aliendelea na kijiti, kama nilivyomfundisha, hakukosea hata siku moja. Nikamuuliza, nikiwa na hasira bado, kwa nini hakusema. Jibu lake nitalitafsiri kama lilivyo, ila Yaya, yaani dada mkubwa, nimeliacha: "Tuliogopa kinywa chako. Mutoto aliniambia, mama, tusimwambie Yaya, atatutukana mbele ya misioni zote. Na ulitutukana."

Wale wa vituo vingine wasiojua Kiluba hawakuelewa. Wanaojua walielewa. Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Kulikuwa na dirisha, nikalitazama dirisha. Kijiti changu kilikuwa kinasema ukweli kwenye seringi nyembamba. Kwenye ile nene, urefu ule ule ulikuwa uongo, na uongo ule ulimwingia mdogo wangu kila asubuhi, na yeye chini ya kitenge, haoni. Kama angetazama hata mara moja, angeona. Alijua namba kuliko mimi, alifika darasa la sita. Nilikuwa nimemnyima macho yake mwenyewe, nikayaweka kwenye kipande cha kikapu.

Mama Kisimba alikuwa amenipa la kusema ikiwa seringi imebadilishwa: seringi yoyote nene iliyopigwa mistari, dozi ni mstari wa tano kutoka mdomoni. Nikashika kidude. Nikasema taratibu, na sikuwa na desturi ya kusema taratibu. "Kabulo. Ni Yaya. Kuja karibu. Leo ni weye. Shika seringi, angalia. À vous."

"Yaya, siwezi." Sauti nyembamba, na mvua inasikika nyuma yake juu ya bati. "Nikiona sindano, nasikia kufa. À vous."

Nilifungua kinywa. Lile neno, mjinga, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaliacha pale. Na kwa kuwa sikuwa nimeshika kidude, phonie ilikuwa wazi, na yule mzee wa kituo cha mtoni akaingia bila kuitwa.

"Mutoto wa Mitwaba, usikie. Hata miye naogopa sindano, na niko muzee wa meno tatu. Tosha sindano, weka kule mbali. Shika bomba ya kioo tu. Bomba ya kioo inauma? À vous."

Furere alinyanyua mkono kumfukuza, kisha akaushusha. Mimi niliudhika: mtu asiyejulikana, anaingilia mambo yetu. Lakini ilikuwa kweli. Miezi yote ile hakuna aliyefikiri kuitoa sindano. Tulimwonyesha kila mara chombo kizima, na jino lake.

"Nimetosha," akasema Kabulo. "Nimeshika. À vous."

"Anzia mdomoni. Hesabu mistari. À vous."

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Iko mustari murefu kidogo. À vous."

"Njo ule. Sasa weka kijiti pembeni. Kinafika wapi? À vous."

"Yaya. Kinapita nane."

Hakusema à vous. Hakuna aliyemkumbusha.

Nilimfundisha yote upya, bila kijiti, hatua moja, kuachia, kusikia. Hatua moja, kuachia, kusikia. Alirudisha sindano akiwa amefumba macho, nikamwambia haidhuru, kufumba macho wakati wa kuirudisha si dhambi. Alivuta dawa. Aliitoa hewa. Kisha akasema, "Sasa nachoma." Nilisikia pumzi za watu nisiowajua katika misioni tano. Furere alikuwa ameshika mkate hewani, kahawa inadondoka kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama, nimekaa, nimesimama. Kidole changu kilikuwa mbali na kidude, nimekificha chini ya kwapa nisije nikakishika.

"Imeingia," akasema. Halafu: "Yaya, haiumi sawa vile unachomaka weye. À vous."

Walicheka vituo vyote, yule mzee wa meno tatu kuliko wote, na Furere pia, akifuta kahawa. Mimi nilishika kidude na kusema neno la kazi, maana sikuwa na jingine. "Kijiti kile, kivunje. Sasa hivi. Nataka kusikia. À vous."

Nikasikia: ta! Kitu kikavu kilichokatika karibu na chombo.

"Nimevunja. À vous."

"Terminé," nikasema.

Tangu hapo Kabulo alijidunga mwenyewe, miaka yote, mpaka juzi, isipokuwa siku chache za homa, Mama Ngoie alipomdunga. Mvua zilipokwisha nilipanda lori, nikashuka Mitwaba, nikapiga magoti mbele ya Mama Ngoie kabla sijatua mzigo. Alikuwa anakoroga bukari. Alisema, "Kula kwanza," na baada ya kula hakunipa nafasi ya kusema tena, na mimi sikuitafuta sana. Amekufa zamani. Mimi nilibaki mkali. Mti ulioota hivyo hauwezi kunyooshwa. Lakini kwenye chumba cha vyombo, waganga wapya walipokosea, niliwauliza kwanza wanionyeshe walivyofanya, ndipo nikawagombeza.

Watu wa kilio walipotawanyika, nilifunga mlango, nikavuta kopo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na seringi nene ya kioo, mistari yake imefifia, na pembeni yake kijiti cha mwanzi, vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu uliozungushwa mara nyingi, ili kimoja kisiende mahali bila kingine. Nilikitambua kwa mkato wangu wa kisu, laini, upande mmoja. Upande wa pili haukukatwa kwa kisu. Ulikuwa umevunjwa, nyuzi za mwanzi zimesimama. Niliweka kidole gumba changu pembeni yake: kijiti kimefupishwa. Nikavaa miwani, nikahesabu mistari kuanzia mdomoni.

Banza alibisha mlango akauliza kama nimelifungua kopo, na kile kilichomo kilikuwa cha kazi gani.

"Kijiti cha Mama Ngoie," nikamwambia. "Cha siku ambazo mama yako alikuwa na homa na hakuweza kujichoma mwenyewe. Nilimwambia akivunje."

"Na hakuvunja?"

"Alivunja," nikasema. "Kwenye mustari wa tano."